Sura ya 6: Dalali, Mshenga au Ana kwa Ana?

"Nipitie kwa wakala, ama nielewane na wenyewe?"

Swali hili haliulizwi barazani. Huulizwa nyuma ya duka la M-Pesa, au saluni baada ya mteja wa mwisho kuondoka, au usiku kwa dada aliye Nairobi, sauti ikishushwa ili watoto wasisikie. Anayeuliza amepata habari kwamba kuna watu wasioweza kubeba mimba, kwamba wanatafuta mwanamke mwenye afya awabebee, na kwamba si kazi ya bure. Kama jambo hilo lipo au halipo, hilo si swali lake tena. Anachouliza ni mlango wa kuingilia.

Tumchukue mwanamke wa mfano. Anaishi Lumakanda, makao ya kaunti ndogo ya Lugari, kaskazini mwa Kakamega, nchi ya mahindi isiyo mbali na Turbo. Ana miaka 29, watoto wawili aliowazaa bila shida, na kibanda cha mitumba. Muhula unakaribia na karo haijatimia. Kwenye simu yake zimo namba mbili. Ya kwanza ni ya ofisi ya Nairobi inayojiita wakala wa uzazi. Ya pili alipewa na binamu yake: ni ya mke na mume wa Eldoret waliopoteza mimba nne, wasiotaka ofisi yoyote kati yao na mtu atakayewasaidia.

Apige ipi?

Maneno kabla ya mambo

Mwanamke anayebeba mimba kwa makubaliano ya kumkabidhi mtoto kwa wengine huitwa mama mbadala. Wale wanaomtafuta tutawaita wahitaji, maana neno "wazazi" lina mgogoro wake, kama itakavyoonekana.

Ubebaji huu ni wa aina mbili. Katika aina ya kwanza, mama mbadala anatumia yai lake mwenyewe, hivyo mtoto ni damu yake. Katika ya pili, yai la mwanamke mwingine na mbegu ya mwanamume huunganishwa kwenye maabara. Kinachopatikana, kiinitete, yaani mimba changa ya siku chache, huhamishiwa tumboni mwa mama mbadala. Mtoto hana damu yake. Hospitali nyingi leo hufanya aina ya pili tu, na anayeombwa kukubali ya kwanza anapaswa kusita, kwa sababu huko ndiko kesi kali zaidi zilikozaliwa. Mwaka 1988 Mahakama ya Juu ya New Jersey, Marekani, ilitangaza kuwa batili mkataba wa dola 10,000 wa mwanamke aliyetumia yai lake kisha akashindwa kumtoa mtoto. Mkataba huo, ikumbukwe, ulipitia kwa wakala.

Mbinu ya maabara si kongwe. Mtoto wa kwanza duniani kuzaliwa kwa njia hiyo ni Louise Brown, Uingereza, Julai 1978. Kenya ilipata wake wa kwanza mwaka 2006, kupitia kwa Daktari Joshua Noreh wa Nairobi. Afrika Kusini ilikuwa imetangulia: mwaka 1987 mama mmoja, Pat Anthony, alimbebea binti yake mimba na kujifungua wajukuu wake watatu kwa mpigo. Wakala hakuwepo hapo. Palikuwa na mama, binti na daktari.

Na fikra yenyewe, ya mwanamke mmoja kuzaa kwa jina la mwingine, si mgeni katika Bonde la Ufa. Majirani wa Lugari, Wanandi, wana desturi ya mwanamke asiye na mrithi kumwoa mwanamke mwenzake, na watoto wanaozaliwa huwa wa boma lake. Mwaka 2011 Mahakama Kuu ya Mombasa iliitambua ndoa ya aina hiyo katika kesi ya urithi. Desturi hiyo ilikuwa na mahari, wazee na mashahidi. Hakuna aliyeingia boma kimyakimya, na penye ugomvi palikuwa na mtu wa kuitwa.

Wakala hufanya nini hasa?

Kazi ya wakala, kwa maelezo yake mwenyewe, ni ndefu. Huwatafuta wanawake na kuwachuja, huwakutanisha na wahitaji, ambao wengi hutoka mbali, hupanga vipimo, usafiri na malazi, huandaa mkataba, hupokea fedha za wahitaji na kumlipa mama mbadala kidogo kidogo. Mara nyingine humpangia nyumba Nairobi akae humo mpaka ajifungue, pamoja na wenzake.

Kwa mwanamke wa Lumakanda kuna utulivu katika hayo. Hatalazimika kumwambia mhitaji uso kwa uso kwamba nauli imeisha. Hatajadili bei na mtu anayelia. Atapata wenzake walioipita njia hiyo, na mtu aliyeona mimba ikiharibika si mara moja.

Lakini swali la kwanza la kumuuliza wakala linajulikana kwa familia nyingi za Magharibi, zile zilizopeleka mabinti Saudia na Qatar. Leseni iko wapi? Kwa kazi za Ughuba, Kenya ina Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, iliyoundwa kwa sheria ya 2016, na mawakala walioandikishwa huwekwa kwenye orodha ambayo mtu yeyote anaweza kuikagua. Orodha hiyo haijamaliza uchungu wote, lakini ipo. Wakala wa mama mbadala hana orodha kama hiyo. Hospitali ina leseni na daktari ana leseni, zote za Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, na zinaweza kuthibitishwa. Kinachoning'inia kwenye ukuta wa ofisi ya wakala mara nyingi ni cheti cha kusajili kampuni na kibali cha biashara cha kaunti, karatasi zilezile anazohitaji muuza viatu.

Kiswahili kina majina mawili ya mtu wa katikati, nayo yanasaidia hapa. Dalali hulipwa biashara ikifungwa. Siku ya pili hajulikani aliko. Mshenga huposa kwa niaba ya watu wanaomjua, na ndoa ikiyumba miaka mitatu baadaye yeye ndiye anayetafutwa kwanza. Neno "wakala" halisemi mtu ni yupi kati ya hao wawili.

Madalali wa mwili wa binadamu si hadithi katika ukanda huu. Mwaka 2025 vyombo vya habari vya Ujerumani viliripoti biashara ya figo katika hospitali moja ya Eldoret: vijana wa vijijini wakifuatwa na madalali, na baadhi ya waliokwisha kuuza figo wakigeuka kuwa wasakaji wa wenzao. Mwezi wa Aprili mwaka huo Wizara ya Afya ilisimamisha huduma za upandikizaji hospitalini humo. Figo na mimba ni vitu viwili, lakini mlolongo wa kutafuta watu unaweza kufanana. Mwanamke akiahidiwa malipo kwa kila rafiki atakayemleta, afahamu ameshaanza kufundishwa kazi ya dalali.

Kwa ufupi: wakala anaweza kupunguza usumbufu na aibu ya kudai. Ila hakuna leseni ya serikali inayomtenganisha mshenga na dalali. Kazi hiyo ameachiwa mama mwenyewe.

Pesa inalala wapi?

Huu ndio moyo wa sura. Watu huuliza "ni pesa ngapi?" kabla ya kuuliza "ziko kwa nani?" Ilhali la pili ndilo huamua kama la kwanza litakuwa na maana.

Mfano mzuri uko mbali, California, jimbo ambalo biashara hii imekomaa kuliko karibu kila mahali. Mwaka 2009 wakala mmoja wa mji wa Modesto, SurroGenesis, alifunga ghafla. Wanawake waliokuwa na mimba za watu hawakulipwa tena, na wahitaji walikuta akiba zao zimeyeyuka, zaidi ya dola milioni 2. Walikuwa wamejihadhari: fedha hazikuwekwa kwa wakala bali katika kampuni nyingine ya kutunza amana, yenye jina zito la kifedha. Baadaye ilibainika kwamba kampuni hiyo nayo ilikuwa chini ya mkono wa mwenye wakala. Mwaka 2013 mwenye wakala huyo, mwanamke, alihukumiwa kifungo cha zaidi ya miaka 5. Pesa zilikuwa zimetoka mfuko wa kulia kwenda wa kushoto wa koti moja.

Kwa hiyo si lazima mwanamke wa Lumakanda ajue lugha ya mabenki. Aulize: nani anaweza kuzitoa pesa hizi bila mimi kujua? Mahali pa afadhali ni akaunti ya wateja ya wakili, yaani akaunti ambayo wakili huiweka mbali na fedha zake binafsi na hujibu kwa chama cha wanasheria akiichezea. Na wakili huyo asiwe wa wakala.

Kisha kuna namna ya kugawa malipo. Tuchukue hesabu ya mfano, isiyo bei ya mtu yeyote: jumla shilingi 600,000, ambapo 20,000 hulipwa kila mwezi kwa miezi 9, na 420,000 zilizobaki hulipwa baada ya kumkabidhi mtoto. Inaonekana ya haki. Sasa mimba iharibike baada ya mwezi wa tatu. Mama amekwisha kumeza vidonge na kudungwa sindano kuandaa mwili, amefunga kibanda, amesafishwa hospitalini, na mkononi ana 60,000. Malipo yaliyolundikwa mwishoni yanamwekea yeye peke yake hasara ya jambo lisilotegemea bidii yake. Yana ubaya mwingine pia: malipo yanayosubiri mtoto akabidhiwe yanafanana mno na bei ya mtoto, na mbele ya afisa wa polisi mfanano huo si mdogo. Afadhali malipo yafuate muda, gharama na hatari: mwezi kwa mwezi, kipimo kwa kipimo, na fungu lililotajwa wazi la upasuaji, la mimba kuharibika, na la kipato cha kibanda kilichofungwa.

Haya yote yanawahusu wale wa Eldoret pia, wasio na wakala. Tena hao zaidi, kwa kuwa wema wao unaweza kuwafanya wote watatu waone haya kuandika. Mali bila daftari hupotea bila habari, na watu wema hawakusamehewa katika methali hiyo.

Uzuri na uzito wa ana kwa ana

Uingereza iliamua jambo hili mapema. Baada ya kelele za mwaka 1985, mwanamke alipojifungua mtoto kwa malipo kupitia wakala wa kibiashara, Bunge lilipiga marufuku mawakala wa faida ndani ya miezi michache. Tangu hapo Waingereza hupatana wenyewe au kupitia vyama visivyo vya faida. Vyama hivyo vimetilia mkazo urafiki: watu wakutane kwanza, wajuane, ndipo wazungumzie hospitali.

Kuna hekima hapo. Mhitaji aliyekwisha kunywa chai Lumakanda na kuwaona watoto wawili wa mama huyo hawezi kwa urahisi kumgeuza kuwa namba ya faili. Naye mama anaona nyumba ambayo mtoto ataingia. Fedha ambazo zingekwenda kwa ofisi hubaki kwa wenye shughuli. Habari pia hazipindwi njiani. Katika kisa cha Thailand cha 2014, kilichotikisa dunia, mama mbadala alibaki na pacha mmoja, Gammy, mwenye ulemavu wa Down, huku dada yake akipelekwa Australia na wahitaji, mke na mume. Pande mbili zilitoa maelezo yasiyolingana kuhusu nini kilisemwa na nani alikataa nini. Mwaka 2016 mahakama ya Australia iliamua kwamba wenzi wale hawakumtelekeza mtoto. Wakala alikuwa katikati wakati wote, na maelewano hayakuwepo.

Ila ana kwa ana ina uzito wake, na huwaelemea zaidi wasiozoea kusema "hapana". Binamu aliyeleta namba atataka shukrani. Mhitaji atapiga simu alfajiri kuuliza kama mtoto amecheza, atauliza mama amekula nini, atakuja bila kuarifu. Mwezi wa tano mhitaji anaweza kupoteza kazi. Je, mama atamdai mtu ambaye jana alimletea leso na unga? Akiwa wa ukoo mmoja naye, shinikizo huongezeka: "Ni ndugu yako, utamwachaje?" Kwa mwanamke ambaye sauti yake nyumbani ni ndogo, ukuta wa ofisi unaweza kuwa kinga ya kweli.

Ndiyo maana jibu la "wakala ni bora" au "mwenyewe ni bora" halina msingi. Mwanamke wa mfano wetu, akiwa na wakili wake mwenyewe na hospitali inayoeleweka, yuko salama zaidi na wale wa Eldoret kuliko na ofisi inayoshika pesa, kitambulisho na simu yake kwa pamoja. Bila wakili huyo, milango yote miwili inamwingiza chumba kimoja.

Chumba kisicho na bodi

Kila mwenye shamba Lugari, eneo lenye mashamba ya walowezi yaliyogawiwa wananchi baada ya uhuru, anajua kanuni hii: ardhi ya kilimo haiuzwi kwa daftari na mashahidi tu. Lazima bodi ya ardhi itoe idhini, na muda ukipita bila idhini, mapatano hufa kwa maandishi ya sheria. Kwa kawaida mwenye kudai hudai pesa zake, si shamba.

Mapatano ya mama mbadala nchini Kenya yamekuwa kama shamba lisilo na bodi ya kwenda. Hayakuwekewa sheria yake, wala ya kuyakataza wala ya kuyaidhinisha. Matokeo yalionekana wazi katika kesi ya JLN, iliyoamuliwa na Jaji David Majanja mwaka 2014. Mapacha walizaliwa na mama mbadala katika hospitali ya Nairobi. Hospitali haikujua ijaze jina la nani kwenye taarifa ya kuzaliwa, ile karatasi inayotangulia cheti. Ikaarifu idara ya watoto, na watoto wakachukuliwa wakapelekwa kwenye makao ya watoto. Cha kuzingatia ni kwamba hapakuwa na ugomvi: mama mbadala na wahitaji walikwenda mahakamani pamoja, upande mmoja. Jaji alisema maafisa walikosea, watoto hawakuwa wametupwa, na heshima ya wahusika ilivunjwa. Vilevile alisema kwamba, sheria ikiwa kimya, aliyejifungua ndiye mama machoni pa sheria mpaka hatua za kisheria zibadilishe hilo. Akahimiza sheria itungwe.

Maneno hayo yana maana nzito Lumakanda. Siku ya kujifungua, iwe kwa wakala au bila wakala, mama wa mtoto kwenye karatasi ni yule aliye kitandani. Wahitaji wakitoweka, mtoto ni wake. Wakiwepo, bado kuna mlango wa mahakama wa kupita. Kama ni wageni kutoka nje, kuna kizingiti kingine: Novemba 2014 Kenya ilisimamisha wageni kuasili watoto wake, na nchi wanakotoka huenda nayo, kama Uingereza, ikamtambua aliyezaa kuwa ndiye mama.

Mbunge Millie Odhiambo amelisukuma jambo hili tangu 2014, kwa muswada wa teknolojia ya kusaidia uzazi uliorudi Bungeni 2019 na tena 2022. Novemba 2025 Bunge la Taifa liliupitisha. Muswada huwa sheria ukikamilisha hatua zake zote na kutiwa sahihi na Rais, kwa hiyo anayesaini mkataba amuulize wakili wake umefika wapi siku hiyo. Mwelekeo wake ni wazi: kumbebea mtu mimba kunaruhusiwa, biashara yake inakatazwa, na anayebeba hurudishiwa gharama. Wakala anayeishi kwa faida ya kila mtoto hana nafasi pana katika picha hiyo. Anayeahidi "donge nono" leo kwa makubaliano yatakayokomaa mwakani anauza kitu ambacho huenda asiweze kukidai mahakamani, wala yeye wala mama.

Majirani wanatembea kwa kasi tofauti. Uganda ilipata muswada uliopelekwa Bungeni na mbunge Sarah Opendi, na Rwanda iliingiza suala hili katika sheria yake ya huduma za afya ya 2025. Mfano wa kuonewa wivu uko Afrika Kusini: sheria yake ya watoto inataka Mahakama Kuu ithibitishe mapatano kabla kiinitete hakijahamishwa. Mtoto akizaliwa, wazazi wake wameshajulikana. Hiyo ndiyo bodi ya ardhi, na inakaa kabla ya mbegu kupandwa.

Mwili hauna wakala

Katika mazungumzo ya bei, mimba hutajwa kama safari ya miezi 9 ya mwanamke aliyekwisha kuizoea. "Ulizaa wawili bila shida." Ni kweli, lakini hii si mimba ileile. Watafiti wa Ontario, Kanada, walichapisha mwaka 2024 hesabu za wanawake wengi: matatizo makali yanayotishia uhai wa mama, kama kutokwa damu nyingi na shinikizo la damu la mimba, yaliwapata 2.3 kati ya kila 100 waliopata mimba kwa kawaida, 4.3 ya waliopata kwa maabara, na 7.8 ya mama mbadala. Hiyo ni Kanada. Kenya, kwa sensa ya 2019, ilipoteza kina mama 355 kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai.

Hatari nyingine huamuliwa siku moja tu, ya kuhamisha kiinitete: ni viinitete vingapi vinaingia? Mhitaji anayelipa kwa taabu hutaka viwili, apate mapacha kwa gharama moja. Hatari ya mapacha inabebwa na mwili wa mwingine: kujifungua kabla ya wakati, upasuaji, kifafa cha mimba. Mama ana haki ya kusema kimoja, na kusema hivyo kwa maandishi.

Kabla ya kidonge cha kwanza, haya yawe yameandikwa, mlango wowote atakaoupitia:

- Idadi ya viinitete, na mara ngapi jaribio litarudiwa likishindwa.
- Hospitali ya kujifungulia, jina lake, na ya dharura iliyo karibu na anakoishi. Kutoka Lumakanda, hospitali kuu ya rufaa ni ile ya Moi, Eldoret. Nairobi iko zaidi ya kilomita 300.
- Nani analipa matibabu yakivuka siku ya kujifungua, hata mwaka mmoja baadaye, na fidia ni ipi mji wa mimba ukilazimika kuondolewa.
- Kwamba maamuzi ya tiba ni ya mama na daktari. Katiba, kifungu cha 26, inaruhusu mimba kukatizwa pale mtaalamu wa afya anapoona uhai au afya ya mama imo hatarini. Mkataba hauwezi kuwa juu ya hilo.
- Kitambulisho na simu vinabaki kwake. Anatoka na kuingia apendavyo, na watoto wake wanamwona.
- Nakala ya mkataba, kwa lugha anayoisoma, inabaki mkononi mwake na nyingine kwa mtu anayemwamini.

Wakala anayekasirishwa na orodha hii amejitambulisha. Wahitaji wanaokasirika pia.

Kurudi nyumbani mikono mitupu

Mimba haifichiki kijijini. Mwezi wa sita, mama mkwe ameshahesabu. Kwenye ibada ya Jumapili ya Wakweka, Wakatoliki au Wapentekoste, akina mama wameshaona namna anavyokaa kitini. Ndiyo sababu nyumba ya wakala Nairobi huwavutia wengi: mtu anasema amepata kazi ya nyumbani, anarudi baada ya mwaka. Lakini watoto wake wawili nao wanakaa mwaka huo bila mama, na mwenye kukaa nao naye anataka kulipwa. Gharama hiyo aghalabu haimo kwenye mkataba.

Aliyebaki kijijini ana jaribu lingine. Alionekana na tumbo, sasa hana tumbo wala mtoto. Baada ya miaka ya habari za watoto kuibwa na kuuzwa, kama zile zilizofichuliwa na uchunguzi wa BBC Nairobi mwaka 2020, jirani anayekwenda kwa naibu wa chifu si mbaya. Anatimiza wajibu. Anayetaka kuepuka usiku wa kuhojiwa kituoni aamue mapema nani ataambiwa: mume bila shaka, kwa sababu hospitali nayo huenda ikataka kumwona, mzazi mmoja mwenye busara, pengine chifu, akiwa na barua ya wakili mkononi.

Na kuna mwili, ambao haukusaini chochote. Siku chache baada ya kujifungua maziwa yanaingia. Yanakuja kwa aliyejifungua, yai liwe lake au lisiwe. Kuna dawa na njia za kuyakausha, na muuguzi anazijua, mradi aambiwe ukweli. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, walisema wahenga, wasijue kwamba siku moja ingebidi kuuliza mzazi ni yupi.

Hapo ndipo penye jambo dogo ambalo hakuna wakala anayelitaja, wala mhitaji. Kila mjamzito Kenya hupewa kliniki kijitabu cha afya ya mama na mtoto. Kurasa za mbele ni za mama: shinikizo lake la damu, damu yake, vipimo vyake vya virusi. Za nyuma ni za mtoto: uzani, chanjo ya kifua kikuu na ya polio anazopata akizaliwa, na zile za wiki ya 6. Mtoto akiondoka na wahitaji, kijitabu huondoka naye, maana atakihitaji. Na kwa kuwa akina mama wengi hurudi kliniki wiki ya 6 kwa ajili ya chanjo ya mtoto, asiye na mtoto hana cha kumrudisha. Kidonda cha upasuaji hakikaguliwi, shinikizo halipimwi, hakuna anayemuuliza kama analala usiku.

Kwa hiyo, kabla ya siku ya kujifungua, apige nakala ya kurasa zake kwenye duka la fotokopi, azitie bahasha. Tarehe ya wiki ya 6 iandikwe ndani ya mkataba, pamoja na nauli ya bodaboda ya kwenda na kurudi hospitali ya Lumakanda, ilipwe na wale wenye namba ya simu.